Lawama Humwangukia Aliyebaki

Siku hizi umeingia baina ya vijana wetu mchezo usiotupendeza. Baada ya sala ya Isha hukaa barazani, simu mikononi, wakaonyeshana picha za miji ya Marekani iliyochakaa: nyumba zilizoanguka mapaa, viwanda vilivyo kama magofu ya watu wa kale, kanisa kubwa lisilo na dari ambalo miti imeota ndani yake, na njia pana isiyopita mtu wala motokaa. Huyu hucheka, na yule husema, "Tazameni, hiyo ndiyo Marekani mnayoisifu!" Mwingine huongeza kuwa watu wa huko ni wavivu na walevi, na kwamba miji yao imekufa kwa malipo ya matendo yao. Wasemapo hayo hawajui mji wanaoutazama unaitwaje, wala nani aliujenga, wala nani aliuacha.

Tungeliyanyamazia haya lau yangekuwa maneno ya barazani tu. Lakini mzazi mmoja ametueleza kwamba mwanawe, aliyekwenda kufanya kazi katika jimbo la Ohio, sasa apigapo simu nyumbani hautaji tena mji anaokaa, kwa kuwa nduguze humcheka wakamwita mtu wa magofuni. Kijana yule hufanya kazi usiku, na fedha anazozituma ndizo zinazolipa ada ya skuli ya hao hao wanaomcheka. Sote tumesoma Suratul Hujurat, na twajua ilivyokataza watu kuwacheka watu wengine na kuitana kwa majina ya kuudhi. Wala hatukuona humo mahali palipotolewa ruhusa kwa kuwa mwenye kuchekwa yu mbali.

Basi mwezi huu tumeonelea tueleze habari za miji hiyo kwa kadiri tulivyoisoma. Ni miji iliyo katikati ya Marekani upande wa kaskazini, katika majimbo ya Ohio, Michigan, Indiana, Illinois, Iowa, Minnesota na jirani zake, kandokando ya maziwa yao makubwa (si haya yetu) na mito yao mikubwa. Kwa muda wa karne nzima huko ndiko kulikofuliwa chuma cha nchi ile, kukaundwa motokaa zake, na kukalimwa mahindi yake.

Tuanze na lile kanisa lisilo na dari, kwani picha yake yapendwa sana. Liko katika mji wa Gary, jimbo la Indiana. Lilifunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1975. Mji wenyewe haukukua taratibu kama ikuavyo miji ya bandari au ya soko, bali uliundwa na kampuni. Mwaka 1906 kampuni ya U.S. Steel ilitaka mahali pa kiwanda kipya katika ufuo wa Ziwa Michigan, karibu na Chicago. Ikasawazisha vilima vya mchanga, ikajenga matanuri, ikapima viwanja vya nyumba, kisha ikaupa mji jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Wakaja watu kutoka Ulaya ya mashariki na ya kusini, wakaja watu wa Mexico, wakaja na watu weusi waliokimbia dhuluma za majimbo ya kusini. Watu weusi hao hawakuachiwa wakae popote wapendapo, hata mwenye fedha. Lakini mshahara waliupata, na wengi walijenga. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu 178,320. Mwaka 2020 walihesabiwa 69,093.

Walikwenda wapi hao wengine? Kiwanda hakikufungwa. Hata leo chatoa chuma, na tangu Juni 2025 mwenye kampuni ni Nippon Steel ya Japani. Lililobadilika ni kuwa chuma cha nchi nyingine kiliingia kwa bei nafuu, na mashine zikashika kazi za mikono, hata mahali palipoajiri makumi ya maelfu pakawa pahitaji maelfu machache. Tena mwaka 1967 watu wa Gary walimchagua Richard Hatcher kuwa meya wao, naye ni mmoja wa watu weusi wa kwanza kukishika cheo hicho katika mji mkubwa wa Marekani. Wazungu waliokuwa wamekwisha anza kuhama wakazidi kuhama, na maduka yakawafuata mpaka Merrillville, mji wa jirani. Walihama na kodi zao. Gary ikabaki na barabara zile zile za kutengenezwa, skuli zile zile, mabomba yale yale, na walipaji wachache, tena wale walio maskini zaidi.

Sasa fikirini. Mwenye kampuni aliyetoa amri ya kupunguza watu alikaa mji mwingine. Mfanyi biashara aliyefunga duka alifungua jingine maili chache kutoka hapo. Aliyebaki ni mzee asiyepata mnunuzi wa nyumba yake, na mwanamke anayemwuguza mamake, na mtu aliyesema tu kwamba hapa ndipo kwetu. Aliyevunja hayupo, na aliyebaki ndiye anayepigwa picha. Jina baya la mji humwangukia huyu, naye hakutenda lolote ila kukaa.

Habari za Flint, katika jimbo la Michigan, ni nzito zaidi, nasi twataka vijana wazisome kwa utaratibu. Huko ndiko ilikoanzishwa kampuni ya General Motors mwaka 1908. Na huko, tarehe 30 Disemba 1936, wafanyi kazi waligoma kwa namna isiyozoeleka: badala ya kutoka nje walikaa ndani ya viwanda, wakilala juu ya viti vya motokaa, na chakula kikiletwa na kupitishwa madirishani. Walikaa siku 44 katika baridi kali mpaka kampuni ikakubali kuzungumza na chama chao. Tangu hapo mfanyi kazi wa Flint aliweza kununua nyumba na kusomesha watoto kwa mshahara wa kiwanda. Hao ndio "wavivu" tunaoambiwa habari zao barazani. Katika miaka ya 1970 kampuni iliajiri watu wapatao 80,000 katika Flint na kando zake. Leo hawafiki 10,000.

Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kimoja, wakubwa wa mji walijaribu kila hila. Mwaka 1984 walifungua jumba kubwa la maonyesho ya motokaa wakitumai watalii watakuja; halikutimiza mwaka. Mji ulipokuwa na madeni, gavana wa jimbo aliweka msimamizi wake mwenye mamlaka juu ya meya na baraza lililochaguliwa na watu. Na katika Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kunywa maji ya Mto Flint. Maji yale yalikuwa makali, na dawa ya kuyazuia yasile mabomba haikutiwa. Yakala mabomba ya kale, yakabeba risasi, yaani yale madini mazito yenye sumu, ambayo huharibu akili ya mtoto mdogo wala hairudi tena.

Watu walipeleka malalamiko yao mapema. Walichukua chupa za maji ya rangi ya kutu mpaka kwenye mikutano, wakaonyesha vipele vya watoto wao. Wakaambiwa maji ni salama. Katika Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kilisema kuwa maji yale yanakula vyuma vyake, kikaruhusiwa kutumia maji mengine. Katika Machi 2015 baraza la mji lilipiga kura kurejea maji ya Detroit, msimamizi akakataa. Mpaka daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha, aliyetoka katika jamaa ya Kiiraqi, alipotangaza mwezi Septemba 2015 hesabu za risasi katika damu za watoto, wakubwa wa jimbo wakaanza kwa kumkadhibisha, kisha wakakiri. Mwezi Oktoba maji ya Detroit yakarudishwa. Injini ziliokolewa mwaka mzima kabla ya watoto. Watu 12 kwa uchache walikufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokea wakati ule. Zilipatanwa fidia za dola zipatazo milioni 626. Lakini katika wakubwa walioshitakiwa hakuna aliyefungwa jela.

Hata leo ukilitaja jina la Flint, mtu atakuambia, "Ah, ule mji wa maji machafu," kana kwamba waliyachafua wenyewe. Katika mwaka 2025 jimbo lilitangaza kuwa mabomba ya risasi yapatayo 11,000 yamekwisha badilishwa. Habari hiyo hatukuiona ikionyeshwa barazani.

Wala si kila picha ni ya jambo lile linalosemwa. Mto Cuyahoga, upitao katika mji wa Cleveland, Ohio, ulikuwa umejaa mafuta na taka za viwanda hata uso wake ukashika moto tarehe 22 Juni 1969. Moto ulizimwa kwa muda usiotimia saa, na magazeti ya mji hayakuujali sana, kwani mto ule ulikuwa umewaka mara nyingi zamani. Kisha gazeti la Time likaandika habari zake nchi nzima, likatia na picha ya moto mkubwa mno. Na picha ile ilikuwa ya moto wa mwaka 1952! Kutoka hapo Cleveland ikawa mzaha wa kila mwenye ulimi. Twakiri kuwa fedheha ile ilileta na faida, kwani ilisaidia kupatikana sheria ya mwaka 1972 ya kusafisha maji ya nchi nzima, na tangu mwaka 2019 serikali ya Ohio imesema samaki wa mto ule waweza kuliwa. Mzaha, lakini, ungali pale pale.

Tumekwisha sema mengi juu ya miji mikubwa, na hatukuitaja Detroit iliyokuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950 na 639,111 mwaka 2020, ikafilisika mbele ya mahakama mwaka 2013. Kwani hiyo kila mtu ameisikia. Miji midogo ya wakulima ina kisa chake, na ndani yake mna jambo ambalo Waislamu hawana haja ya kuelezwa mara mbili, nalo ni riba. Katika miaka ya 1970 mahindi na soya vilikuwa na bei, ardhi ikapanda thamani kila mwaka, na mabenki yakawahimiza wakulima wa Iowa na majimbo ya jirani kukopa wanunue mashamba zaidi na matrekta makubwa zaidi. Mwaka 1980 na 1981 riba ya mabenki ilipita 20 kwa mia. Bei za mazao zikaanguka, na bei ya ardhi ikafuata, hata mkulima akawa anadaiwa zaidi ya thamani ya shamba lake lote. Mashamba yakanadiwa mbele ya wenyewe. Mkulima akiondoka, huondoka na watoto watatu wa skuli, na mteja wa duka la mbegu. Na jirani mwenye nguvu akilinunua shamba hulilima kwa mashine ile ile aliyo nayo, haongezi mtu. Nchi nzima ya Marekani ilikuwa na mashamba yapatayo milioni 6.8 mwaka 1935. Mwaka 2022 yalikuwa milioni 1.9. Ardhi ingali inalimwa, na mavuno ni mengi kuliko ya zamani. Ila mji mdogo uliokaa katikati ya mashamba hayo haujui tena umtumikie nani.

Nayo miji midogo hiyo ilichekwa tangu ilipokuwa na neema. Mwandishi Sinclair Lewis, mzaliwa wa Sauk Centre katika Minnesota, alitoa kitabu mwaka 1920 kuwakejeli watu wa mji mfano wa kwao kwa ufupi wa mawazo na umbeya, kikasomwa na watu wengi mno. Watu wa kwao walikasirika. Baadaye wakaipa njia yao kubwa jina la kitabu kile. Alipokufa mwaka 1951, majivu yake yalirudishwa kuzikwa kwa hao hao aliowakejeli.

Hatutaki mtu adhani twasema kuwa kila mji ulidhulumiwa na watu wa nje. Pale inapoungana mito Ohio na Mississippi, katika ncha ya kusini ya jimbo la Illinois, upo mji uitwao Cairo, yaani kwa jina la Qahira ya Misri. Wenyewe hulitamka karibu na "Kero", na kwa Kiswahili chetu neno hilo lina maana yake. Mji ule ulitarajiwa kuwa mkubwa kwa meli za mitoni na reli. Mwaka 1920 ulikuwa na watu 15,203. Ni kweli kuwa madaraja yalipojengwa, reli na motokaa zikaupita bila ya kusimama. Lakini kilichoumaliza kilikuwa nguoni mwake. Sheria ilipowataka watu weusi na weupe waogelee pamoja, wenye hodhi la kuogelea walilifunga, na mwishowe likajazwa saruji. Mwaka 1967 askari kijana mweusi alikutwa amekufa katika jela ya mji, ikazuka ghasia. Wazungu wakaunda kikosi chao chenye silaha. Mwaka 1969 watu weusi wakaacha kununua katika maduka yaliyokataa kuwaajiri, na wakaendelea hivyo miaka kadhaa. Wenye maduka wengi waliona afadhali kufunga kuliko kumwajiri mweusi mmoja nyuma ya meza ya duka. Wakafunga, wakahama.

Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliamua kuzifunga nyumba za maskini katika mji huo, baada ya wasimamizi kuziacha kwa miaka zikaharibika, na jamaa zilizokaa humo, aghlabu watu weusi, zikaambiwa zihame. Mwaka 2020 walihesabiwa watu 1,733. Waliomwaga saruji katika hodhi hawamo katika hesabu hiyo. Mtalii apitaye na kamera huwakuta wajukuu wa wale waliozuiliwa kuogelea, kisha huandika kuwa watu hawa wameuacha mji wao ukafa.

Na mtu akidhani kuwa ubaya wa kuuvumishia mji uongo ni jambo la zamani, na asome habari za Springfield, Ohio. Mwaka 1983 gazeti la Newsweek, likiadhimisha miaka 50 yake, liliuchagua mji huo kuwa mfano wa maisha ya Marekani. Viwanda vikapungua, watu 82,723 wa mwaka 1960 wakawa 58,662 mwaka 2020. Kisha katika miaka hii wakaja maelfu ya watu wa Haiti, kwa kuwa zilikuwako kazi viwandani na katika maghala. Kliniki na skuli zilisongamana kweli, na nyumba zikapanda kodi. Hayo ni malalamiko ya haki, na kila mji upokeao wageni wengi kwa ghafula huyapata. Lakini mwezi Septemba 2024 uvumi ulienezwa kwamba Wahaiti wanaiba mbwa na paka za jirani zao na kuzila, na Donald Trump akautamka katika mjadala wa wagombea urais mbele ya mamilioni. Wakubwa wa mji wakasema hawana ushahidi wowote. Gavana Mike DeWine, wa chama kile kile cha Trump, naye mzaliwa wa mji huo huo, akasema ni uongo. Haikufaa kitu. Vitisho vya mabomu vilimiminika, skuli zikafungwa, na askari wa jimbo wakawekwa milangoni kuwalinda watoto, weusi na weupe pamoja.

Wageni katika miji hiyo si Wahaiti peke yao. Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit karibu pande zote, ulikuwa mji wa Wapolandi Wakatoliki waliofanya kazi katika kiwanda kikubwa cha motokaa za Dodge, mpaka kikafungwa mwaka 1980. Wakafuata Wayemeni na Wabangladeshi, wakanunua nyumba zilizokuwa rahisi kwa kuwa wenyewe wamehama. Mwaka 2004 baraza la mji liliruhusu adhana itolewe kwa vipaza sauti, baada ya mabishano makali. Na katika uchaguzi wa mwaka 2021 meya na wajumbe wote wa baraza walikuwa Waislamu. Watu walikuwa 22,423 mwaka 2010, wakafika 28,433 mwaka 2020. Hatusemi haya tujisifu. Siasa za mji ule zina ugomvi wake, na Waislamu wa huko wagombana kama wagombanavyo watu wengine. Twasema tu kuwa mji ulioitwa maiti ulikuwa na vyumba, na wako waliovihitaji.

Katika Cedar Rapids, jimbo la Iowa, upo msikiti mdogo wa mbao uliojengwa mwaka 1934 na jamaa za Kiarabu kutoka Shamu, nao ndio mkongwe kuliko yote iliyojengwa kuwa misikiti na ingali imesimama katika Marekani. Waislamu walipojenga mwingine mkubwa katika miaka ya 1970, huu uliuzwa, ukatumiwa na watu wengine, ukachakaa. Aliyeupiga picha wakati ule angaliweza kuitia pamoja na zile za magofu. Katika miaka ya 1990 ulinunuliwa tena ukatengenezwa. Mafuriko ya mwaka 2008 yakaingia chumba chake cha chini, yakaharibu maandishi ya zamani; ukakaushwa, na watu wakaendelea kusali. Mji huo sasa una jamaa nyingi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili husikika madukani.

Wasomaji wenye watoto na ndugu katika miji hii twawaomba watuletee barua zao, wataje na jina la mji. Tutazichapa kwa kadiri ya nafasi. Mwezi ujao, inshallah, tutayajibu maswali ya mirathi yaliyokusanyika mezani petu.